FORD YA DINGI, GIABOKSI YA TOYOTA!

Hapa kwetu Kigoma, mwisho wa reli, watu wana ugomvi wao wa kudumu. Wapo wanaobishana Simba na Yanga mpaka chai inapoa. Wapo wanaobishana kama mgebuka ni mtamu wa kuchoma au wa mawese. Mimi mwenzenu, mwaka 2023, nilijikuta kwenye ubishi ambao sijawahi kuusikia kijiwe chochote, si Mwanga wala Ujiji: Ford Capri ukiitia giaboksi ya Toyota, bado ni Ford Capri?

Usicheke, msomaji. Ubishi huo nusura uwagawe watu wa nyumba moja, na hela niliyoichuma miezi minane kwa kubadilisha vioo vya simu za watu pale Mwanga iliingia humo yote.

Nianze na gari lenyewe, maana wengi wenu mmezaliwa mkakuta Vitz na IST barabarani mkadhani dunia ilianzia hapo. Capri ilitolewa na Ford huko Ulaya mwaka 1969. Milango miwili, boneti ndefu, nyuma imekatwa fupi, dereva kakaa chini karibu na lami kama mtu aliyejilaza kwenye mkeka. Nia ilikuwa kijana wa kawaida, asiye na ubavu wa kununua Mustang ya Marekani, naye apate cha kuringia. Wakaitengeneza hadi mwaka 1986 wakaacha. Kwa kifupi, lilikuwa gari la mabitozi.

Dingi alikuwa bitozi. Karani wa bandari ya Kigoma, mtu aliyeendelea kuvaa bugaluu hata wenzake walipozigeuza matambara ya kudekia. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao walete bidhaa kutoka nje bila kuulizwa sana walizipataje, dingi akaingia Zambia. Mwaka 1985 akainunua Capri ya injini ya 1600, rangi nyeupe, kwa mtu aliyekuwa anaondoka Kitwe. Akaiendesha mwenyewe hadi Mpulungu, ikanyanyuliwa na winchi ikapakiwa melini, ikashushwa Kigoma. Meli gani? Liemba, bwana. Shikilia jina hilo, tutalirudia.

Kaka yangu, wakati huo ana miaka saba, alikuwepo gatini siku hiyo. Hadi leo anaweza kukusimulia gari lilivyoning'inia hewani, magurudumu yanazunguka polepole, na watu wote wa bandari wameacha kazi wanaangalia juu.

Basi, gari likakaa mjini miaka thelathini na ushee. Mwaka 2016 giaboksi ikaanza vituko. Gia ya pili ikawa inaruka yenyewe, ukiiachia mkono inarudi nyutro. Gia ya tatu ukiiingiza inalia kama mtu anasaga mahindi. Dingi akawa anaendesha kwa mkono mmoja tu, mwingine umeshikilia wenzo wa gia muda wote. Siku moja akipanda ule mlima wa kutoka stesheni kwenda Mwanga, ikapiga mlio mmoja mkubwa na safari ikaishia hapo. Ilipofunguliwa, meno ya gia ya pili yalikuwa yamekatika na shafti ya chini imelika kama muwa uliotafunwa.

Likavutwa hadi nyumbani Ujiji, likawekwa chini ya mwembe. Dingi aliapa atalifufua. Mwaka 2019 yeye mwenyewe akatangulia mbele ya haki. Gari likabaki pale, kuku wakahamia siti ya nyuma.

Spea tuliitafuta, isije ikaonekana tulilala. Gerezani kule Dar es Salaam, hakuna. Lusaka, hakuna. Uingereza zipo, kuna watu wanaishi kwa kuuza vyuma vya magari ya zamani tu, lakini ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, unajikuta umenunua gari lingine ambalo huna. Na wanunuzi wa chuma chakavu walishaanza kupita wakiligonga bodi kwa kucha, wanataja bei kwa kilo kama vile wananunua dagaa.

Hapo ndipo fundi mmoja mzee wa huku kwetu, mtu aliyekula grisi kuliko samli, akaniambia: "Mwanangu, kwani lazima iwe ya Ford? Ninayo giaboksi ya Hilux, gia tano, iko safi. Tunaifunga humo."

Nikaenda kumweleza kaka. Kaka akanitazama kama nimemwambia tumzike dingi upya.

"Giaboksi ya pikapu? Kwenye Capri ya mzee? Bora life Ford kuliko liishi Toyota."

Nikajaribu kucheka. Yeye hakucheka. Akamalizia kwa sauti ya chini: "Na wewe, mdogo wangu, uelewe. Hili gari lina wenyewe."

Msomaji, maneno hayo ukiyasikia hivihivi ni mepesi. Ngoja nikueleze yalivyoniingia.

Mimi kitovu changu kilizikwa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Oktoba 1996 vita ilipofika kule, mama akanibeba mgongoni, nina miaka minne, tukapanda boti la mbao pamoja na watu waliokuwa na magodoro na mbuzi. Tukashukia Kigoma. Wengi wa wenzetu wakapelekwa kambini. Sisi tulikuwa na bahati, shangazi yake mama aliolewa Ujiji zamani, akatupokea. Mwaka 1997 Mobutu alipoanguka, Umoja wa Mataifa ukaikodi Liemba kuwarudisha wakimbizi Kongo, na watu zaidi ya elfu sabini na tano wakarudi nayo, safari baada ya safari. Mama akaenda bandarini kuwaaga ndugu. Pale getini kulikuwa na karani mjane, bugaluu, mkononi ana orodha, akamuuliza: "Dada, na wewe unapanda?"

Mama hakupanda. Mwaka 1998 wakaoana.

Kwa hiyo dingi hakunizaa. Alinilea. Alinipeleka shule, alinitahirisha, alinifundisha kuendesha gari hilohilo kwenye uwanja wa vumbi, yeye kakaa pembeni anasema "klachi taratibu, si unakanyaga nge". Akiniita "mwanangu" mbele ya watu bila kupepesa macho. Lakini kwa sheria ya dini yetu, mtoto wa kulea hana fungu kwenye mirathi. Kinachoweza kumfikia ni wasia, nao hauzidi theluthi moja ya mali, na dingi hakuandika wasia. Kwa hiyo kaka aliposema gari lina wenyewe, hakukosea. Kisheria nilikuwa nataka kutia hela yangu kwenye gari la watu.

Miaka yote ile kaka hakuwahi kunitofautisha, si kwa sahani wala kwa kitanda. Neno hilo lilisubiri giaboksi ndipo litoke.

Sikumjibu. Nikarudi kibandani kwangu Mwanga, nikakaa na simu za watu. Na hapo, kwa hasira tu, nikaanza kusoma habari za magari ya zamani, nijue kama kweli tulichotaka kufanya ni dhambi.

Nikakuta mambo! Mwaka 1972 Hannu Mikkola, Mfini, alishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki kwa Ford Escort RS1600. Alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya eneo letu kuwashinda wenyeji kwenye mashindano yale, na watu wa Ford walipiga picha na gari hilo mpaka basi. Unajua ndani mlikuwa na giaboksi gani? ZF, ya Kijerumani. Ford wenyewe, wenye gari, wenye kiwanda, kwa magari yao ya mashindano walikwenda kuchukua giaboksi ya mtu mwingine kwa sababu ilivumilia zaidi. Na hakuna aliyesema Mikkola alishinda kwa gari la Mjerumani.

Nikasoma zaidi. Uingereza na Marekani, wenye Austin-Healey na Triumph, yale magari ya wazi ya miaka ya 1950 na 1960 wanayoyafuta kwa pamba kila Jumapili, wengi wameyatia giaboksi ya Toyota Supra, ile familia ya W ambayo Toyota walifunga pia kwenye Hilux. Kuna hadi maduka yanayouza seti nzima: belhauzi, boliti, klachi na maelekezo. Wenye MGB nao wanachukua ya Ford Sierra. Sababu ni ileile ya mzee wetu wa grisi: gia ya tano inapunguza kelele na mafuta, spea zinapatikana, na gari linatembea badala ya kukaa chini ya mwembe.

Lakini niwe mkweli kwa upande wa kaka pia. Wapo wenye magari ya zamani wanaopinga, nao wana hoja. Gari adimu likishakatwa na kuchomelewa, haliwezi kurudi lilivyokuwa, na thamani yake kwa wanaojua inashuka. Ndiyo maana wenye busara wanakwambia: usikate mwili wa gari, na giaboksi ya zamani usiitupe. Ioshe, iweke.

Nikamrudia kaka na hayo yote. Akasikiliza, akasema habari za Wazungu na Jumapili zao hazimhusu.

Aliyemaliza ubishi ni bi mkubwa. Alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua.

"Hiyo meli iliyolileta gari lenu," akasema, "injini yake ya Mjerumani iko wapi?"

Kimya.

Msomaji, kama si wa huku, nikupe kidogo habari ya Liemba uelewe kwa nini kaka alinyamaza. Meli ile iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer kule Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye masanduku kama elfu tano, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa treni, reli ndiyo kwanza imefika ziwani mwaka 1914. Ikaungwa tena hapahapa ufukweni, ikateremshwa majini Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakizidiwa na vita wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Ila mafundi wao, kabla ya kuizamisha, walizipaka injini grisi nene, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado ni mizima, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Ikatembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ndipo ikang'olewa mitambo ya mvuke na kutiwa injini za dizeli. Mwaka 1993 ikafanyiwa ukarabati mwingine mkubwa kwa msaada wa Denmark. Kwa hiyo ile iliyolibeba gari la dingi mwaka 1985 ilikuwa na bodi ya Mjerumani, jina la ziwa, na injini ambayo Mjerumani wa 1913 angeiona asingeijua. Na meli hiyo haikubeba Capri tu. Mwaka 1997 meli hiyohiyo iliwarudisha nyumbani wale wakimbizi, na mwaka 2015 ikawaleta Kigoma wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga. Ungemwambia yeyote kati yao kuwa hiyo si Liemba halisi, angekutazama tu.

Kaka akaondoka bila kuaga. Kesho yake akanitumia ujumbe wa maneno matatu: "Msikate bodi, basi."

Tukaanza kazi.

Sasa wewe kijana unayedhani kubadilisha giaboksi ni kufungua boliti na kufunga boliti, kaa chini. Vitu vinavyokataana ni vingi kuliko vinavyokubaliana.

Kwanza, belhauzi, lile ganda la alumini lenye umbo la kengele linaloshika giaboksi kwenye injini. Matundu ya Ford na ya Toyota hayaonani hata kidogo. Nafuu yetu ni kwamba kwenye hizi giaboksi za W belhauzi inafunguka, si kipande kimoja na giaboksi. Kwa hiyo tukaibakiza belhauzi ya Ford upande wa injini, na fundi wa mashine ya kukerezea akatuchongea sahani nene ya chuma ya kuunganisha: matundu ya Ford huku, matundu ya Toyota huku.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Mimi nilidhani matundu yakikaa, kazi imekwisha. Mzee akacheka. Akafunga saa ya kupimia kwenye flaiwili, akaizungusha injini kwa mkono, sindano ikawa inacheza. "Kati ya injini na kati ya giaboksi lazima viwe sehemu moja," akasema. "Vikipishana zaidi ya elfu tano za inchi, umepoteza hela zako." Nikakokotoa: kama milimita 0.13. Unene wa nywele mbili! Ukizidisha hapo, beringi zinaanza kulalamika, klachi haiachii vizuri, na baada ya muda ile giaboksi mpya inakufa kifo kilekile cha ya zamani. Watu watasema, mnaona, Toyota na Ford havipatani. Kumbe aliyefunga ndiye hakupima.

Sahani ile ilirudi kwenye mashine mara tatu.

Pili, ncha ya shafti ya Toyota lazima iingie kwenye kitundu kilichopo mwisho wa kombo la injini ya Ford. Haikai, vipimo ni tofauti. Ikachongwa bushi ya shaba: nje kipimo cha Ford, ndani kipimo cha Toyota. Kadude kadogo, kanafichika ndani ya ngumi, lakini bila hako shafti nzima inatikisika.

Tatu, klachi. Pleti ya Ford inalingana na flaiwili ya Ford, lakini katikati meno yake hayaingii kwenye shafti ya Toyota. Ya Toyota inaingia kwenye shafti, lakini ni kubwa mno. Tukafanya wafanyavyo mafundi siku zote: tukakibandua kitovu cha pleti ya Toyota, tukakipigilia ribiti katikati ya pleti ya Ford. Ndiyo, kinaitwa kitovu. Nilikishika mkononi nikakitazama muda mrefu kidogo. Mzee akauliza kama nimeona ufa. Nikasema hapana.

Nne, giaboksi ya Toyota ni nene, na handaki la katikati ya gari ni jembamba. Hatukukata, tulimwahidi kaka. Tukalipiga nyundo taratibu upande mmoja, sentimita chache, rangi ikabanduka. Na giaboksi nayo ikakatwa sikio moja la alumini ambalo lilikuwa la kushikia kitu cha Hilux tusichokihitaji. Yaani gari lilitoa kidogo na giaboksi ikatoa kidogo. Angegoma mmoja, kazi isingefungika.

Tano, propela shafti. Mbele iwe na mdomo wa Toyota, nyuma iwe na mdomo wa Ford, urefu uwe mwingine kabisa. Ikakatwa, ikachomelewa, ikanyooshwa kwenye mashine.

Na kwa wale mnaojiuliza habari za trafiki: kadi ya gari ina mstari wa namba ya chesisi na mstari wa namba ya injini. Mstari wa giaboksi haupo. Kwa serikali, Capri yetu ni ileile iliyoshuka gatini.

Tulipoiwasha na kuitoa barabarani, kilomita hamsini kwa saa, safi. Sitini, safi. Sabini, gari zima likaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria. Propela haikuwa na mizani, na hatukuwa na mashine ya kuipima. Tukarudi, tukaiinua, tukakaa tunaitazama.

Jioni hiyo kaka akatokea. Hakusalimia. Akajiingiza chini ya gari na shati lake la kazini, akakaa humo dakika kumi. Kisha sauti ikatoka: "Leteni klipu mbili za mpira wa rejeta."

Mzee akatabasamu, akajua. Kaka akazifunga zile klipu kwenye propela, akaziweka upande mmoja, tukaenda barabarani, likatetemeka zaidi. Tukarudi, akazizungusha robo, tukaenda tena. Uzito wa skrubu ya klipu ndio unaoziba pengo la mizani, unautafuta kwa kubahatisha hadi unapotulia. Tulikwenda na kurudi mara saba, giza likaingia. Mara ya nane tukafika themanini kwenye lami ya Mwandiga na gari limetulia tuli, gia ya tano, injini inanong'ona. Kaka ndiye alikuwa anaendesha.

"Mlifanya vizuri kutokata bodi," akasema. Ni hayo tu.

Siku mbili baadaye nikaenda kwake. Nikamkuta uani, mbele yake beseni la petroli. Alikuwa anaisafisha ile giaboksi ya zamani, ya Ford, iliyokufa. Meno yaliyokatika ameyapanga juu ya gazeti. Akaipaka grisi yote, ndani na nje, akaifunga kwenye nailoni na gunia, akaisukuma stoo. Sikumuuliza ni ya nini. Wala yeye hakunieleza. Wajerumani wa Liemba nao nadhani hawakuelezana sana.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kirungu cha gia. Kile cheusi, chenye mistari myeupe inayoonyesha gia nne, kilichong'aa kwa kiganja cha dingi miaka thelathini. Tangu msiba tulijua kimeibwa. Kumbe alikichukua yeye siku ya mazishi akakiweka kabatini.

Tukajaribu kukifunga. Thredi hazilingani, Toyota ina za kwake. Mzee akataka kukitoboa kirungu upya, dakika mbili tu. Kaka akamshika mkono. "Hicho usikiguse, mzee. Chonga chuma." Kwa hiyo wenzo wa Toyota ndio uliochongwa thredi upya, ukakipokea kirungu cha Ford. Sasa kirungu kinaonyesha gia nne na chini yake zipo tano. Anayeendesha mara ya kwanza huwa tunamwacha atafute mwenyewe.

Spidomita nayo inadanganya, maana waya wa Ford na gia ndogo ya Toyota hesabu zao mbalimbali. Tumebandika karatasi: "Ikisema sitini, uko sabini na kitu." Hilo tutalitengeneza.

Na mirathi? Haikubadilika. Sheria ni sheria, gari bado ni la wenyewe. Ila siku ile kaka alipokuwa anaondoka alichomoa ufunguo wa pili kwenye pete yake, ule wenye kibati cha bandari, akaniwekea juu ya dashibodi. Hakusema hiba, hakusema zawadi. Alisema: "Alhamisi ni yangu, namchukua shemeji yako sokoni. Siku nyingine usilale nalo bila mafuta."

Mama yeye anapanda siti ya mbele, kuku walishahamishwa.

Nimejumlisha gharama, maana najua mtaniuliza. Giaboksi, sahani, bushi, klachi, propela, posho ya mzee: ilizidi kidogo bei ya bodaboda moja iliyotumika. Ukitaka kufanya hivyo kwenye gari lenu la urithi, nakupa masharti matatu. Tafuta fundi anayepima kabla ya kupiga nyundo. Kitu cha zamani usikitupe, kipake grisi. Na kabla hujagusa spana yoyote, kaa na wenye gari mzungumze, hata kama mazungumzo yatauma.

Ukifika Kigoma ukaliona linapita kati ya Mwanga na Ujiji, jeupe, boneti ndefu, lipungie mkono, tutasimama. Lifti ni bure. Ila ole wako ukishakaa uanze kuuliza hii ni Ford au Toyota: utashukia Gungu, iliyobaki utamalizia kwa miguu.